Namba ya Bi Somoe

Mfaranyaki, Songea
Jumapili, jioni

Mwanangu Odilia,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu, hatakuachia mpaka umekula mara mbili na kufungiwa karanga za njiani. Kwa hiyo nina saa mbili, labda tatu. Begi lako liko sebuleni, zipu imefungwa, nami nimeivuta meza karibu na dirisha nikuandikie jambo ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo kwa miaka kumi na miwili.

Sitakuandikia habari za sweta, za kuchemsha maji wala za kukaa upande usio na jua ndani ya basi. Hayo mama yako ameyasema tangu Alhamisi na atayasema tena kesho stendi, na wewe utaitikia kama hujawahi kuyasikia. Mimi nataka kukuambia kwa nini niliacha kazi ambayo wewe unakwenda kuianza.

Unakwenda Tunduru kuwa mshauri wa kujitegemea, kuvisaidia vikundi vya watu kutumia mtandao. Uliposema hivyo mezani mwaka jana nilicheka, mama yako akadhani nimefurahi. Sikufurahi hata kidogo. Nilicheka kwa sababu nilikuwa na kijiko mkononi na sikujua nifanye nini na uso wangu.

Unakumbuka kile chumba changu cha Majengo chenye kompyuta tatu? Watu walikuja kuchapa barua na kutafuta matokeo ya mitihani. Baadaye wakaanza kuja viongozi wa vikundi, maana ilikuwa imevuma kwamba asiyekuwa kwenye mtandao hahesabiki. Wa kwanza walikuwa wanakwaya wa kigango kimoja. Niliwatengenezea ukurasa mzuri, wenye picha yao wamevaa majoho. Mwenyekiti wao akaniomba ufunguo. Nikamweleza kwamba ukurasa hauna mlango, akanitazama kwa huruma, akasema basi angalau nimwonyeshe ulipo ili siku ya usafi kina mama wapite.

Wakulima wa kahawa kule Mbinga niliwafungulia barua pepe kumi na nne, kila mzee na ya kwake. Nilishinda nao siku mbili nikiwafundisha kubofya. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuifungua tena. Nilipokuja kuuliza, mwaka mzima baadaye, nikaambiwa walichokuwa wanataka ni kujua tu gari la kuchukua kahawa linapita siku gani. Simu moja na ubao wa kuandikia vingetosha. Lakini mimi nilikuwa nimebeba kompyuta, na mtu aliyebeba kompyuta toka Songea mpaka Mbinga kwa pikipiki hawezi kukubali kwamba kilichotakiwa ni ubao.

Na kulikuwa na tabia nyingine, ambayo nataka uijue kwa sababu ndiyo iliyozaa mengine yote. Nywila za vikundi vyote nilizishika mimi. Niliwaambia ni kwa usalama wao. Ukweli ni kwamba nilipenda kupigiwa simu. Nilipenda mtu mzima mwenye mvi aseme, Mwalimu, tumekwama, njoo. Nilikuwa najisikia mtu.

Sasa nikupeleke Mbesa, au tuseme ng'ambo ya Mbesa, kwenye kile kijiji cha mikorosho ambako kikundi cha kina mama kilinipokea kama mtoto wao. Mwenyekiti alikuwa Bi Somoe. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti nzito ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya bonde. Kazi ya kikundi chao ilikuwa moja tu: mwanamke akishikwa na uchungu kwenye vitongoji vya mbali, alifikishwa hospitali. Simu ya kikundi ilikaa kwa Bi Somoe. Ukimpigia, yeye ndiye aliyejua bodaboda gani iko karibu, nani ana khanga safi, nani atamsindikiza mgonjwa na nani atabaki na watoto. Vyote vilikuwa kichwani mwake.

Mimi niliwaongezea kundi la WhatsApp, ili aseme mara moja na kiongozi wa kila kitongoji asikie. Wengi wao hawakupenda kusoma, kwa hiyo walitumiana sauti. Ujumbe wa Bi Somoe uliujua kabla hajataja jina. Kwanza kikohozi kikavu, mara mbili, halafu: Jamani, ni mimi Somoe. Kisha ndipo habari zifuate. Msimamizi wa kundi nikawa mimi peke yangu. Nani aingie, nani atoke, ni juu yangu, mtu anayekaa Songea.

Bi Somoe alifariki wakati wa masika. Shemeji yake, Mzee Rashidi, alinipigia kunijulisha. Nilikuwa Mbinga kwenye mafunzo, njia zilikuwa mbaya, sikwenda kuzika. Wala arobaini sikwenda. Niliandika pole kwenye kundi, nikaweka na ua, nikaona nimemaliza. Ningekwenda, ningekaa na wenzangu jamvini, ningeambiwa yale ambayo watu huambiana wakiwa wamekaa jamvini.

Siku chache baada ya arobaini nilikuwa pale Majengo, saa nane mchana, jua kali, fundi wa vyuma upande wa pili anapiga nyundo. Simu ikalia. Ni ujumbe wa sauti kwenye kundi la kina mama, umetoka namba ya Bi Somoe. Nikaubonyeza nikiwa natafuna muhogo.

Kikohozi kikavu, mara mbili.

"Jamani, ni mimi Somoe. Nimerudi. Anayenihitaji anipigie kama zamani. Mwalimu, wewe mbona hukuja?"

Nilirudia kuusikiliza mara tatu. Fundi aliendelea kugonga chuma chake. Odilia, mimi si mtu wa kuogopa ogopa, unajua nilivyomcheka baba mkubwa na habari zake za mafisi ya wachawi. Lakini siku ile vinyweleo vilinisimama mikono yote miwili, mchana kweupe. Na kilichonitisha zaidi kilikuja baada ya hapo. Wale kina mama wakaanza kujibu, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti za kawaida kabisa. Shikamoo Bi Somoe. Karibu nyumbani mama. Tulikukosa. Hakuna aliyeshangaa. Mmoja alimwambia kwamba mtama wake umekubali.

Nikapiga ile namba. Iliita mara moja tu. Nikasikia kikohozi, mara mbili, kisha ile sauti ikasema, "Mwalimu, nilijua utapiga."

Nikakata.

Nilikaa na simu mkononi mpaka muhogo ukapoa. Halafu akili ikaanza kunipa maelezo, na maelezo yalikuwa mazuri. Ni tapeli, nikajiambia. Nilikuwa nimefundisha semina nzima kuhusu watu wanaochukua namba za wengine na kujifanya ni wao. Ameiba laini ya marehemu, amejifunza kikohozi chake, anataka kuwaibia wajane. Nilipopata neno hilo, tapeli, hofu yote iligeuka kuwa hasira, na hasira ni nyepesi kubeba. Nikaitoa ile namba kwenye kundi. Nikawaandikia na kuwatumia sauti: namba ya zamani ya kikundi imeingiliwa na tapeli anayejifanya marehemu, izuieni, msiipokee, msiipige.

Kundi likawa kimya kama robo saa. Halafu majibu yakaingia. Sawa Mwalimu. Sawa Mwalimu. Sawa Mwalimu. Mara kumi na moja. Nikaona jinsi wanavyoniamini. Nilirudi nyumbani, nikala dagaa nyasa na ugali, nikalala usingizi mzuri. Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba nililala vizuri.

Wiki tatu baadaye nilikuwa na safari ya kwenda kwao iliyokuwa imepangwa zamani. Nilifika asubuhi. Kina mama walinipokea, wakaniamkia, wakanipa maji, lakini hakuna aliyekaa. Walisimama kando ya nyumba, na kila nilipomgeukia mmoja, alikuwa anatazama chini. Kijiji kilikuwa kimya namna ambayo sikuwahi kuisikia, hata kuku sikuwaona. Mlango wa nyumba ya Bi Somoe ulikuwa umefungwa, na juu ya kizingiti mtu alikuwa ameweka simu ya kikundi, imezimwa, kifuniko chake cha nyuma kimetolewa.

Mzee Rashidi akaja akanishika mkono, akanikalisha kwenye kigoda. Akamwita mtu ndani. Akatoka mwanamke wa makamo, mrefu, ambaye sijawahi kumwona. Alikohoa, kikohozi kikavu, mara mbili. Nilitaka kuinuka nikimbie.

"Huyu ni Mwanaidi, mtoto wa dada yake marehemu," Mzee Rashidi akaniambia. "Amelelewa na marehemu tangu hajaota meno. Siku ya arobaini tulimpa jina. Sasa yeye ndiye Somoe."

Nikaelezwa taratibu, kama anavyoelezwa mgeni. Kwa ukoo ule, mtu mwenye wajibu mkubwa akifa, jina lake haliachwi. Huchaguliwa mmoja wa ndugu, hukalishwa mkekani mbele ya watu, hukabidhiwa jina na kila kilichokwenda na lile jina. Watoto wa marehemu wanamwita mama. Waliokuwa wakimwamkia marehemu wanamwamkia yeye. Wadogo zake marehemu wanakuwa wadogo zake, hata kama wamemzidi umri. Na simu ya kikundi, pamoja na watu wote waliohitaji kufikishwa hospitali, vilikwenda kwake.

Mimi nilipaswa kuelewa kuliko mtu yeyote. Wewe nimekupa jina la mama yangu. Tangu ukiwa kwenye nepi nakuita mama, nakuomba ruhusa ya kutoka, nakutania kwamba ulinichapa sana nilipokuwa mdogo, na jirani hata mmoja hajawahi kusema nimerukwa na akili. Ila nilipokutana na jambo lile lile mikoroshoni, likiwa na simu mkononi, nililiita utapeli.

Nikauliza kwa nini hawakuniambia. Nilipotuma lile onyo, kwa nini hakuna aliyesema, Mwalimu, umekosea? Mama mmoja akajibu bila kuniangalia kwamba walidhani nimeona kitu. Mimi ndiye niliyekuwa najua mambo ya mtandao. Nikisema namba ina mtu mbaya ndani yake, basi labda ina mtu mbaya ndani yake. Wakaogopa kumsemesha Mwanaidi. Na Mwanaidi, aliyekuwa amepewa jina siku chache tu, alipoona watu wote wamemfungia, aliona aibu, akaichomoa laini siku ile ile, akaifunga kwenye pindo la khanga yake. Alilifungua lile pindo mbele yangu. Laini ilikuwepo.

Kisha wakaniambia habari za Zainabu.

Zainabu alikuwa binti wa kitongoji cha ng'ambo ya mto, mimba yake ya kwanza. Siku ya tisa baada ya onyo langu alishikwa na uchungu asubuhi. Mumewe, Hamisi, hakuwa kwenye kundi, habari za tapeli zilikuwa hazijamfika. Akafanya kama watu wote walivyofanya miaka yote. Akapiga namba ya Bi Somoe.

Hamisi alinisimulia mwenyewe, amechuchumaa, anachora chini kwa kijiti. Alisema simu ilipokelewa. Akasikia kikohozi, halafu, ni mimi Somoe. Akaeleza hali ya mkewe. Ile sauti ikamuuliza uchungu umeanza lini, maji yamevunjika au bado, kama alivyokuwa akiuliza Bi Somoe siku zote. Mwisho ikamwambia, "Kaeni hapo hapo. Ninakuja."

"Tukakaa," Hamisi akasema.

Walikaa mpaka alasiri. Hawakutafuta usafiri mwingine, kwa nini watafute, wakati Bi Somoe amesema anakuja na hajawahi kusema hivyo asije? Majirani ndio walioshtuka mwishowe, wakampakia Zainabu kwenye baiskeli. Hospitalini walifanya kila walichoweza, wakamwokoa yeye. Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia.

Nikaomba kuiona simu ya Hamisi. Nilitaka kuona kwamba amekosea tarakimu moja, kwamba alizungumza na mtu mwingine. Namba ilikuwa ile ile. Saa tatu asubuhi, mazungumzo ya dakika nne na sekunde kadhaa. Na laini ilikuwa kwenye pindo la khanga ya Mwanaidi kwa siku tisa wakati hayo yanatokea.

Nimejaribu kulifafanua jambo hilo miaka yote hii. Nimesoma, nimeuliza mafundi wa mitambo ya simu, nimewachosha. Mmoja aliniambia kwamba huenda simu ilionyesha vibaya. Mwingine alisema haiwezekani, akabadilisha mazungumzo. Mzee Rashidi yeye hakuhangaika. Aliniambia kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini chakula kimeungua: walipompa Mwanaidi jina, jina lilipata mtu wa kulibeba. Mimi nikamfukuza yule mtu. Jina likabaki peke yake. Lilipoitwa likaitika, kwa sababu ndivyo lilivyozoea, lakini lingekwenda vipi kwa Zainabu na halina miguu?

Sikuambii uamini hivyo. Mimi mwenyewe sijui ninaamini nini. Nakuambia nilichokiona kwenye simu ya Hamisi.

Nilikwenda kumpa pole Zainabu. Alikuwa amelala kwenye mkeka, amegeukia ukutani. Nikasema maneno yanayosemwa. Sikutegemea jibu. Nilipokuwa natoka akasema, bila kugeuka:

"Mwalimu, wanasema ulimpigia ukakata. Ungemuuliza tu, wewe ni nani. Angekujibu."

Mwanangu, ile sauti nimeisikia kila siku tangu wakati huo. Nilikuwa na kila kitu. Nilikuwa na simu, nilikuwa na salio, mtu wa upande wa pili alikuwa amepokea. Swali lilikuwa la maneno mawili matatu. Nikaona ni rahisi kufunga namba ya kijiji kizima kuliko kuuliza swali ambalo jibu lake lingeweza kuniogopesha au kunionyesha sijui kitu.

Nilirudi Songea, nikafunga chumba cha Majengo. Wewe ulikuwa darasa la tano. Nikakuambia nimeacha kwa sababu pikipiki imeniharibu mgongo, na ukawa unanikanda mgongo kila Jumamosi kwa mafuta ya nazi. Mgongo wangu haukuwa na tatizo lolote. Nisamehe kwa hilo pia.

Sasa ndipo tunapofika kwako.

Wiki mbili zilizopita ulirudi nyumbani unang'aa, ukasema umepata kazi yako ya kwanza hata kabla hujafika Tunduru. Kikundi cha kina mama ng'ambo ya Mbesa kimekuandikia kuomba msaada wako. Ukasema wamekutaja kwa jina, wanakujua kuwa ni mtoto wa Mwalimu. Ukanipa mkono nikupongeze. Nilikupongeza, halafu nikatoka nyuma ya nyumba, pale kwenye migomba.

Ile namba sijawahi kuifuta. Mara moja moja kwa miaka yote hii nimekuwa nikiipiga, na kila mara nimejibiwa na yule mwanamke wa mashine kwamba haipatikani. Nikaipiga tena, nipate kutulia.

Ikaita.

Ilipokelewa. Hakuna aliyesema neno. Nilisikia mtu anatwanga mahali, mbali kidogo, na upepo kwenye majani makavu, na pumzi ya mtu karibu kabisa na sikio langu. Kikaja kikohozi kikavu. Mara mbili. Kisha ile pumzi ikatulia, kama mtu anayesubiri nianze mimi.

Nikakata, Odilia. Baada ya yote niliyokuandikia hapo juu, nilikata.

Na nilichofanya baadaye ndicho hasa kilichonikalisha hapa. Barua pepe yako niliifungua mimi ulipoingia kidato cha kwanza. Nywila niliitunga mimi, na wewe hukuwahi kuibadilisha kwa sababu hukuwa na sababu ya kumshuku baba yako. Jumatano, ulipokwenda sokoni na mama yako, niliingia humo. Nikawaandikia wale kina mama kwa jina lako. Nikawaambia unashukuru, umepata kazi nyingine, hutafika. Niliiga hata namna yako ya kumalizia barua. Kisha nikaifuta ile barua upande wako usiione. Ungefika Tunduru ukawangojea wiki nzima, wao wakijua umewakataa.

Nilikuwa najiambia nakulinda. Nadhani kweli nilikuwa nakulinda. Lakini mikono ilikuwa ile ile, na ilifanya kazi yake ile ile.

Leo mchana tulipotoka misa, nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke mtu mzima, iliyotulia. Akaniambia yeye ni Zainabu, sasa ni katibu wa kikundi. Akaendelea.

"Nimepata barua ya mwanao ya kukataa. Hii umeandika wewe."

Nikamuuliza amejuaje.

"Mwanao ametuandikia barua tatu. Zote zimejaa maswali. Nani anashika simu, nani hajui kusoma, mvua ikinyesha mnafanyaje. Hii haina swali hata moja."

Nilikuwa nimesimama kando ya ukuta wa kanisa, watu wananipita wananisalimu, naitikia kwa kichwa. Nikajilazimisha. Nikamwambia, Zainabu, naomba nikuulize jambo, na unijibu ukweli. Ni nani anayemwita mwanangu huko? Ni wewe, au ni yule mwingine?



"Ni mimi, Mwalimu," akasema. "Ni mimi Zainabu. Leo umeuliza."

Nikamweleza basi kuhusu ile namba, kwamba niliipiga ikaita. Hakushtuka. Alisema huwa inaita. Na yenyewe huwapigia, hasa kukiwa na mwanamke anayekaribia siku zake. Mwanaidi hakuwahi kukubali kulirudia lile jina, na hakuna mwingine aliyethubutu kulipokea baada yake. Wana namba mpya, kazi inaendelea, watoto wanazaliwa salama. Ila ile ya zamani haijanyamaza. Wataalamu wawili wamewahi kuja kutoka mjini na mashine zao, mmoja akasema waizuie, mwingine akasema wabadilishe simu zote. Zainabu akaniambia wamechoka na watu wa kufunga. Wanataka mtu mmoja akae nao kwenye mkeka, simu iite, waipokee wote pamoja, na huyo mtu aulize na kusikiliza mpaka mwisho kabla hajagusa kitu. Waliposoma maswali yako wakasema, huyu hapa.

Nikamwomba msamaha kwa ajili ya mtoto wake. Nimeomba mara nyingi nikiwa peke yangu, lakini kwake sikuwahi, siku ile niliishia kutoa pole. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Akasema mtoto angekuwa darasa la tano sasa. Kisha akaniaga kwa heshima na kukata.

Kwa hiyo hali iko hivi. Nimewapigia tena kuwaambia ile barua si yako. Sijawaambia unakwenda, wala kwamba huendi, maana hilo si langu la kusema. Nimeitoa kwenye barua pepe yako namba yangu ya simu, ile ya kurejeshea nywila, na nywila utaibadilisha mwenyewe, usiniambie ni ipi hata nikikuuliza kwa utani. Ukiona kazi hii ni nzito kwa kuanzia, wapigie Zainabu na wenzake uwaambie kwa mdomo wako, watakuelewa. Ukiona utakwenda, mimi ninaogopa. Nakuogopea kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na sitakuzuia.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuisokomeza barua hii ndani kabisa ya begi lako, uikute kesho kutwa, ukiwa mbali na uso wangu. Nimekusikia sasa hivi unamsalimu jirani getini, unacheka na karanga za watu mkononi. Sitaisokomeza popote. Nitakupa mwenyewe ukiingia, nitabaki kwenye kiti hiki unaposoma, na ukimaliza, uliza chochote unachotaka. Sitainuka hapa mpaka maswali yako yaishe.

Baba yako.